Waya Ulikuwa na Moto

Mwaka 2013 Jairo aliajiriwa kuangalia mitambo ya sola kwenye kinu cha Mbonile cha kusaga mawe ya dhahabu, huko Galula. Paneli mia sita zilitandazwa mteremkoni, na umeme wake ulipitia kwenye inveta, mashine ya kuugeuza uwe wa kutumika, kabla ya kuingia laini ya kijiji. Inveta ile ilikuwa na kinga: laini ikikatika, nayo inajizima papo hapo isirudishe umeme kwenye laini, ili fundi atakayepanda nguzo asikutane na moto kwenye waya.

Mbonile hakuipenda hata kidogo.

"Laini ikikatika na kinu changu kinalala. Itoe hiyo kinga. Betri za kukiendesha zipo."

"Mzee, ataumia mtu."

"Vwawa wapo vijana watatu wenye vyeti kama chako. Nimpigie nani kati yao?"

Jairo alikuwa na mke mjamzito. Akafungua kompyuta, akaingiza namba ya siri, akaitoa kinga.

Miezi mitatu ikapita salama. Kisha upepo ukaangusha mti juu ya waya, umbali wa kilomita mbili, na kinu kikaendelea kunguruma kama kawaida. Simu ikalia. Alikuwa Ishaka, fundi wa laini, mtu wa Tanga aliyekuwa akila ugali kwa Jairo kila Jumapili.

"Jairo, niko chini ya nguzo. Huko kwako kumezimika?"

Mbonile alikuwa amesimama pale pale, funguo za chumba cha mitambo mkononi. Akatikisa kichwa kwa onyo, akanong'ona, "Mwambie ndiyo."

"Kumezimika," Jairo akasema.

Simu ilipokatika, akamgeukia bosi wake. "Nipe funguo, mzee, nizime sasa hivi!"

"Kuna mawe yamebaki kinuni. Dakika kumi tu."

Jairo alijipa moyo kwamba Ishaka angepima waya kwanza, angeufunga kwenye ardhi umeme uishie huko, kama walivyofundishwa chuoni. Akasubiri zile dakika kumi. Kwenye dakika ya saba taa za kinu zilififia, zikawaka tena.

Wakaguzi walipofika kesho yake, kinga ilikuwa imerudishwa na kumbukumbu za mashine zimefutwa. Jairo ndiye aliyezifuta. Wakaandika kwamba marehemu Ishaka alikufa kwa uzembe wake mwenyewe, basi familia yake haina fidia.

Baada ya arobaini Mwanamvita, mjane wa Ishaka, alikuja getini na mtoto mgongoni.

"Shemeji, wewe ndiye uliyezungumza naye mwisho. Wanasema alikuwa mzembe. Ulimwambia umeme umezimwa?"

Jairo alitazama ofisini. Dirisha lilikuwa wazi, na Mbonile alikuwa ameacha kuandika.

"Hapana, shemeji. Nilimwambia asubiri. Hakunisikia."

Mwanamvita akajifunga vizuri mbeleko.

"Basi kosa ni lake," akasema. "Nami nimegombana na watu wote kwa ajili yake." Akampa Jairo mkono. "Asante kwa kujaribu, shemeji. Mungu akulipe."

Akaondoka kwa bodaboda. Kutoka ndani Mbonile akapaza sauti kwamba laini imekatika tena, na Jairo akaenda kuitoa kinga.