Nishani ya Ana kwa Ana

Askari mwenye ndevu alimwona Otuoma akija darajani. Badala ya kufyatua risasi, alisogea pembeni, akageuza uso kuelekea majini, akatulia hivyo hivyo mpaka Otuoma akapita. Alikuwa na bunduki ya kubomoa ukuta, na Otuoma alikuwa mbele yake peupe kabisa. Lakini jitu lile likampisha kama mtu anavyompisha mwenzake aliyejitwisha ndoo ya maji. Kisha maneno yakatokea chini ya kioo cha kompyuta: "Pita, baba."

Otuoma aliachia kipanya, akajikuna kichwa.

"Huyu ana akili timamu kweli?"

"Nani?" aliuliza mkewe, Favour, kutoka uani alikokuwa akichambua dagaa.

"Huyu adui yangu."

"Adui anayekupisha njia? Mwombe ahamie hapa Kiseke, tumechoka na majirani wasiopisha."

Lilikuwa gemu la vita, la zamani, lile la watu kutafutana mtandaoni na kuuana bila kufa. Enzi zake lilijaa watu kama mnada. Sasa vijana wamehamia kwenye magemu mapya, na jioni nyingi Otuoma alizunguka ile bandari ya kuchorwa akisikia viatu vyake mwenyewe tu. Gemu lilitoa nishani kwa kila ushujaa: kulipua boti, kuruka kutoka mnarani na kutua mzima, kuvuka mto chini ya risasi. Otuoma alikuwa amezikusanya zote isipokuwa moja, iitwayo Ana kwa Ana. Hiyo haitolewi mpaka umchome adui kisu mkiwa mmetazamana uso kwa uso, na adui mwenyewe awe mtu aliye hai mahali fulani, si askari anayeendeshwa na mashine. Na wenye gemu walikuwa wametangaza kwamba Jumamosi ile, saa sita mchana kwa saa zetu, wangezima mitambo yao moja kwa moja.

Usiseme ni mambo ya kitoto. Otuoma ni fundi wa injini za boti, ana mke na binti, Queen; ana mvi mbili tatu. Ila alikuwa na kidonda chake. Chuo alikiacha njiani. Nyumba yake ya Kiseke, Mwanza, ilikuwa na chumba kimoja kisicho na paa, na ndani ya chumba hicho kulikuwa na boti aliyoanza kuiunda mwenyewe, mbavu tupu, kuku wakitagia humo. Kwao Rorya ndugu zake walikuwa na neno lao: ukitaka kitu kianze, mwite Otuoma, ukitaka kiishe, mwite mtu mwingine. Yeye alicheka nao, lakini lilimuuma, na sana. Nishani ile moja ingemfanya, kwa mara ya kwanza, awe mtu aliyemaliza jambo.

Sasa mtu pekee aliyebaki wa kuchomwa ndiye huyu SimbaMkali mwenye ndevu, na SimbaMkali hachomeki. Otuoma akimfuata sokoni, yeye anatokea mlango wa nyuma. Akimvizia kwenye ngazi, anarudi alikotoka, kichwa chini. Wala si mwoga, kwa maana maaskari wa mashine alikuwa anawafyeka bila huruma. Na kitu kilichomchanganya Otuoma zaidi ni kwamba kila alikopita, alikuta ameachiwa masanduku ya dawa na risasi, yamepangwa vizuri kando ya njia.

"Wewe ni nani?" aliandika.

Askari mwenye ndevu akaendelea na njia yake.

"Unanijua?"

Safari hii maneno yakatokea: "Umekula, baba?"

Otuoma aliyasoma maneno hayo mara mbili. Alifikiri labda ni mashine mpya ya majaribio. Akafikiri labda ni kijana wa karakana anayemdhihaki, akawatazama wenzake kwa jicho baya siku nzima, mpaka mmoja akamuuliza kama anaumwa. Akafikiri pia mambo ambayo Mkristo hapaswi kuyafikiri, akayaacha.

Alhamisi jioni alikuwa mezani, kisu mkononi mwa askari wake, akimsaka SimbaMkali kwenye maghala. Favour alikuwa kwenye mkeka akiongea na mama yake kwa simu, sauti ameifungulia ili mikono ibaki kwenye dagaa. Mama huyo, Truphosa, ni muuguzi mstaafu. Alifanya kazi Ukerewe mpaka akapenda kubaki, sasa anaishi peke yake kisiwani humo, mjini Nansio.

King'ora kikalia kwenye gemu, kile cha kuisha kwa raundi. Kikalia pia kwenye simu ya Favour.

Otuoma akageuka taratibu. Raundi mpya ikaanza, tarumbeta ikapigwa kompyutani, na tarumbeta ile ile ikapigwa Nansio.

"Favour," alisema kwa sauti ndogo, "kwa mama kuna nini?"

"Televisheni, si ndiyo, mama?"

Mlio ule ukazimwa ghafla. Kisha Truphosa akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutwa na kijiko ndani ya chungu cha sukari, "Mwambie baba Queen asiniulize."

Ikabidi aseme tu. Yeremia, mwanawe wa mwisho, alipohamia Dodoma aliiacha kompyuta yake na kumwomba mama aiwashe kila siku isije ikaliwa na unyevu wa ziwa. Mama akaiwasha. Siku moja akabonyeza hapa, siku nyingine pale, akauawa, akaudhika, akajifunza. Sasa alikuwa na nishani zote isipokuwa moja. Ndiyo, hiyo hiyo. Na jina la Otuoma alilitambua tangu siku ya kwanza, kwa sababu mkwewe, mtu mnyoofu, alikuwa amejiandika OTUOMA KISEKE.

"Sasa nifanyeje?" Truphosa alimlalamikia binti yake. "Nikutane na mkwe wangu njiani, nimkodolee macho? Tena na kisu?"

Favour alicheka mpaka dagaa wakamwagika. Otuoma hakucheka. Kwa Wajaluo, mkwe na mama mkwe wanapendana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja hupisha. Kwa miaka yote ya ndoa, yeye na mama huyu walikuwa wamesalimiana kupitia kwa Favour, kwa heshima kamili. Na wiki nzima hii alikuwa akimfukuza maghalani, amemtolea kisu.

"Basi mchomane kwa zamu," alisema Favour, akifuta machozi. "Yeye akuchome, ufufuke, na wewe umchome. Si mnafufuka humo?"

"Favour! Unataka tupatwe na chira?" Hiyo ni laana inayomkondesha mtu aliyevunja mwiko, na Otuoma alimjua jirani wa kwao iliyemmaliza, au ndivyo walivyosema watu.

Alimpigia simu kaka yake mkubwa, Okwach, kule Rorya, mtu anayeitwa kila palipo na jambo la ukoo.

"Kaka, shikamoo. Mtu akimchoma mama mkwe kisu ndani ya kompyuta, inahesabika?"

"Umekunywa?"

Otuoma akaeleza upya, mwanzo hadi mwisho.

"Huyo askari ana ndevu?" Okwach aliuliza.

"Anazo, nyingi."

"Basi huyo si mama mkwe wako."

"Lakini ni yeye, kaka. Ndiye anayemwendesha."

"Basi ni yeye." Akahema. "Sikiliza, mdogo wangu, wazee waliweka mila kabla ya hivi vitu. Usinipigie tena simu kwa jambo hili."

Ijumaa Otuoma alifunga injini ya mteja, akawasha, haikuwaka. Kumbe hakuwa ameunganisha mpira wa mafuta. Alikuwa haelewi kitu. Nishani aliitaka, aliitaka kama mtoto. Lakini kila alipojaribu kuwaza kisu kile, alimwona yule mama aliyekuja Mwanza Queen alipozaliwa, akafua nguo zote za mtoto uani bila hata kumtazama yeye usoni. Mwisho alikata shauri. Mzazi kumchapa mtoto si kosa popote duniani. Atasimama mbele yake, amwache achome, na nishani iende Nansio. Hakumwambia mtu, hata Favour, kwa sababu aliogopa kuchekwa.

Jumamosi, saa sita ikikaribia, alimkuta darajani. Otuoma akasogea hatua kwa hatua, akashusha kisu. Safari hii askari mwenye ndevu hakupisha. Alibaki katikati ya daraja, akamgeukia, kisu chake nacho kimeelekea chini. Uso kwa uso.

Otuoma aliona aibu isiyo na jina. Kumtazama mama mkwe namna ile, hata kwa ndevu za kuazima, hakuweza. Akatoa mkono kwenye kipanya, akafumba macho, akasubiri kuchomwa.

Alisubiri. Alisikia kuku, alisikia redio ya jirani. Hakusikia kisu. Alijiuliza kama mama anasitasita, akakaza kope zaidi ili ampe nafasi.

Alipofumbua, kioo kilikuwa cheusi, na maneno machache meupe katikati: Mawasiliano yamekatika.

Simu ya Favour ikaita. Akasikiliza, akamtazama mumewe kwa mshangao. "Mama anauliza mbona hukumchoma. Anasema alisimama muda wote amefumba macho, anakungoja."

Otuoma akakigeukia kile kioo cheusi. "Mwambie na mimi nilifumba."

Favour akamwambia. Halafu Truphosa akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu binti yake aolewe: "Mpe simu."

Otuoma aliishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda mlima. "Kwa hiyo hatukumaliza."

Otuoma alilirudia moyoni lile neno: hatukumaliza. Kila alichokiacha njiani maishani alikiacha peke yake, na lawama akazibeba peke yake. Hakujua kwa nini macho yanamchoma, wala kwa nini anataka kucheka.

"Hatukumaliza, mama," alisema.

Wakabaki kwenye simu, na hakuna aliyekata.