Makaa ya Edgiva

Mambo yaliharibika siku ya Mtakatifu Lusia, katika baridi kali ya Desemba, mwaka wa pili tangu Wanormani waichukue Uingereza. Jioni hiyo Wulfric, fundi wa kuezeka, alikuwa amemlaza mkewe Edgiva karibu na moto. Homa ilimtetemesha mpaka kitanda kinalia.

Kengele ya kanisa ikapigwa: amri ya kila jioni, kila nyumba ifunike moto. Mabwana wapya walikuwa na neno lao, lililokuja kuwa kafyu midomoni mwa wanakijiji. Kwa lugha yao lilimaanisha funika moto. Eti wanaogopa nyumba za nyasi zisiungue. Uongo mtupu. Waliogopa watu wasije wakakaa penye mwanga wakawasema.

Wulfric aliuacha moto uwake. Punde Leofwin akasukuma mlango. Walichunga nguruwe pamoja utotoni. Sasa alikuwa askari wa mabwana.

"Kaka, hujasikia kengele?"

"Nimesikia. Shemeji yako anatetemeka."

"Hata mimi natetemeka, tena niko nje. Funika."

Edgiva akafumbua macho. "Leofwin, umekula?"

Leofwin aliinamia moto. Alichukua kifuniko cha udongo akakibana juu ya makaa, haraka haraka, akatoka.

Mwenye jiko lake hukiacha kifuniko na upenyo upande mmoja, makaa yapumue mpaka asubuhi. Leofwin alikula ngomeni, angejulia wapi? Na Wulfric alikuwa amegeuka, anamfunika mkewe blanketi. Alipokuja kukishika kifuniko, kilikuwa baridi, makaa yamezimika.

Akachukua chungu, akatoka kwenda kuomba kaa kwa jirani. Doria ilimkuta mlangoni pa watu, kaa limo chunguni. Walilimwagia maji, wakamfungia zizini. Walipomwachia kumekucha, Edgiva alikuwa baridi kama kile kifuniko.

Miaka ikapita, mfalme mwingine akashika kiti. Msimamizi wa ngome akasimama mbele ya kanisa, Leofwin, sasa ana mvi, akimtafsiria: kuanzia leo, kila mtu awashe moto apendavyo. Watu wakashangilia. Kengele ikabaki, na neno likabaki. Watoto walilitumia kuambiana muda wa kuingia ndani umefika, wala hawakujua habari za moto.

Wulfric alipenya katikati ya watu, akamshika Leofwin mkono.

"Muulize bwana wako kwa lugha yake. Kama ilikuwa rahisi hivi kuiondoa amri, mke wangu alikufa kwa ajili ya nini?"