Mlango Ufungukie Nje

Gaudens, fundi wa milango, alichora kwa chaki robo duara mbili sakafuni, moja kwa kila upande wa mlango, akasimama katikati yake kama refa.

"Mkiufungulia nje, unakula nafasi mpaka hapa. Mkiufungulia ndani, unakula kule kwenye ngazi. Amueni leo, dada Lujain. Mlango wa kuzuia moto ukishatoka kiwandani haugeuzwi kama soksi."

"Ndani," mama akasema kabla sijafungua mdomo. "Kama zamani."

Mama yangu, Bi Azza, ndiye mwenye jengo hili la Mtaa wa Narung'ombe tangu baba alipofariki. Jengo liliungua mwaka jana, siku ya Ijumaa, na kaka yangu Mazin alifia humo. Sasa kuta zimesimama upya, zinanuka saruji mbichi, na mlango mkubwa wa chini, huu wa pande mbili unaotazama mtaani, ndio uliobaki kuwekwa.

"Mama, ukifungukia ndani watu wakikimbia wanaubana wenyewe," nikasema. "Wa mbele hawezi kuuvuta, wa nyuma wanamsukuma."

"Na ukifungukia nje unampiga mpita njia usoni. Huu ni Kariakoo, si Upanga. Hapo nje anapita muuza maji, mkokoteni, na mwendawazimu mmoja."

"Wendawazimu ni wengi, mama," Gaudens akasema. "Wengine ndio wateja wangu." Hakuna aliyecheka, akakohoa. "Fremu tunairudisha ndani kidogo, mlango unafungukia kwenye kibaraza chake, haumgusi mtu. Kwa ndani naweka chuma kipana cha kusukuma, unaegemea tu kwa kiuno, unafunguka. Juu naweka mkono wa kuurudisha ujifunge wenyewe, moshi usipande ngazi. Hakuna mnyororo, hakuna kufuli."

"Nimesema ndani."

Nilimtazama Mjomba Muaz, mdogo wake mama, aliyekuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji. Akainamisha kichwa.

Nilijua kwa nini. Mjomba ndiye aliyemwosha Mazin. Kwetu mwoshaji hasimulii alichokiona. Mwili wa marehemu ni amana. Alipotoka siku ile alimwambia mama maneno machache tu: "Dada, alikuwa kama amelala." Mama akayashika. Kila aliyekuja kutupa pole alisimuliwa kwamba moshi ulimlaza mwanawe juu, kwenye stoo, wala hakusikia kitu. Hakuna aliyembishia. Nani angembishia?

Mimi nilifika zimamoto wakikata bawaba. Mama alikuwa ameshazimia, amebebwa hadi duka la jirani. Saa ya swala ya Ijumaa mlango wetu ulikuwa ukirudishiwa tu bila kufungwa, na wafanyakazi wasioswali hubaki ndani wakila. Mazin alikuwa ameshavaa kanzu, ameshatoka. Aliponusa moshi akarudi kuwatoa. Marobota ya vitenge yaliyopangwa ukumbini yakawaangukia njiani. Nilimwona alipokuwa. Hakuwa juu. Alikuwa nyuma ya mlango, wa kwanza kabisa, na wenzake wamemlalia mgongoni.

Mwaka mzima nilimwachia mama usingizi ule wa Mazin. Ni kitu pekee alichobakiwa nacho. Lakini juu yetu kuna maduka yatakayojaa wasichana wa kuuza, wapiga pasi, mafundi cherehani. Nitawafungia ndani ili mama yangu alale?

"Gaudens, tupishe kidogo."

"Abaki," mama akasema. "Unataka kusema nini, sema."

"Mazin hakufa amelala."

Mjomba akasimama. "Lujain!"

"Alikuwa mlangoni, mama. Mlango huu huu. Alikuwa anauvuta na haukuvutika."

Nilingoja apige kelele. Nilikuwa nimejiandaa kumdaka. Mama alikaza ushungi wake, akautazama uwazi ule usio na mlango, mtu mmoja mmoja akipita upande wa pili na mzigo kichwani.

"Mwanangu," akasema taratibu, "kwani unadhani mimi nilikuwa wapi?"

Sikumwelewa.

"Nilifika kabla ya zimamoto. Kabla yako. Mimi na wabeba mizigo wa hapo kona. Tukausukuma. Nilisikia sauti yake, karibu, kama wewe ulivyo hapo. Ananiita, 'Mama.'" Akasogea hatua moja kuelekea kwenye uwazi. "Akaniambia, 'Mama, unanibana.'"

"Dada, basi," Mjomba akasema. "Basi, basi."

"Nikasukuma zaidi. Nilidhani nikiacha nitakuwa nimemwacha. Nilikuwa nasukuma, na wao ndani wanasukuma, na yeye yuko katikati." Alionesha viganja vyake, kama vile vilikuwa na kitu cha kutuonesha. "Halafu hakuita tena."

Mjomba Muaz alilia kama mtoto, kwa kamasi na sauti. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa amebeba kifo kile kile na kumficha mwenzake. Nilitaka kumshika mama, nikaogopa. Niliyemkinga na habari ndiye aliyekuwa habari yenyewe.

"Kwa hiyo mkisema ufungukie nje," akasema, "mnaniambia kwamba kilichotakiwa ni kuvuta tu. Kwamba mlango ungekuwa wa kuvuta, ningemtoa. Kila asubuhi nitapita hapa, nitauona."

Ilikuwa kweli, na mimi ndiye niliyekuwa naidai.

Mama akajifuta uso kwa ncha ya ushungi.

"Gaudens."

"Naam, mama."

"Ukifungukia nje, aliye nje anaufunguaje?"

Gaudens alitazama chini. "Milango hii mara nyingi kwa nje hatuweki kitu, mama. Kwa ajili ya wezi. Aliye ndani ndiye anayetoka."

"Weka vishikio. Kwa nje, pande zote mbili. Virefu, vya chuma, visivyong'oka hata wavute watu kumi."

"Sawa, mama. Viwe urefu gani kutoka chini?"

Mama akatoka mpaka mtaani, akageuka, akasimama akitazamana na uwazi. Akainua mikono miwili mbele ya kifua, akafumba vidole kwenye hewa, akavuta. Mpita njia mmoja akampisha. Akavuta tena, kwa nguvu, mpaka viatu vikateleza kwenye mchanga.

"Pima hapa," akasema, hajashusha mikono. "Njoo upime, nimeshika."