Nguzo ya Nne

Mtu akitaka kumjua Raphaël amtazame njiani. Wenzake hutembea wakiangalia mbele. Yeye huangalia pembeni, kwenye mifereji na nyuma ya nyumba za watu, akitafuta mti ulioachwa. Miaka thelathini na kitu alikuwa mkerezaji pale Kasongo, fundi wa kuzungusha mti na kuuchonga kwa patasi, na katika miaka hiyo yote hakununua hata gogo moja. Mhimili wa nyumba iliyoanguka, mtumbwi uliooza upande mmoja, mchi uliovunjika, nguzo ya ua iliyokaa jua na mvua mpaka ikawa ya kijivu, vyote aliviomba, akapewa, akavifunga kwenye baiskeli na kwenda zake akipiga mluzi. Si ubahili, jamani. Mti mbichi ukiukereza leo, kesho kutwa umepasuka, na mteja anakurudishia mguu wa kiti mbele ya majirani. Mti wa zamani umekwisha kutulia.

Lakini Kasongo ya siku hizi si ya kuokota tena. Wenye tanuru za matofali wamekula kila kitu. Mti ukiangushwa na upepo, kabla majani hayajanyauka wameshafika na misumeno yao, na vijiti wanavyoviacha vinazolewa na wachoma makaa. Mwaka huu Raphaël alikwenda kuomba mhimili wa jiko lililoungua, mhimili mweusi tii, wa kuchekesha, akaambiwa kuna aliyemtangulia. Alirudi nyumbani akakaa mbele ya kerezo lake, akalitazama. Kamba ya kuzungushia mti ilikuwa imelegea, na buibui alikuwa amejenga kati ya zile ncha mbili za chuma zinazoushika mti. Ilikuwa miezi saba. Aliona aibu, kama mtu aliyekutwa bila nguo.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa kitanda cha Rosine. Katika nyumba ya Raphaël, binti akiolewa hutoka na kitanda chenye miguu minne iliyokerezwa na baba yake. Binti wawili wakubwa walipata vyao. Rosine, kitinda mimba, aliolewa mwaka ule wa kukimbia vita, huko huko porini, na kijana wa Kabambare aliyemsaidia kumbeba mama yake mgonjwa. Mama hakufika. Harusi haikuwapo, kitanda hakikuwapo. Sasa Rosine alikuwa Salamabila kwenye machimbo, mimba ya miezi minane, analala juu ya magunia, na Raphaël alikuwa amejiapiza kwamba mjukuu wake hatazaliwa chini kwenye udongo. Miguu minne tu alitaka. Miezi saba hakupata vipande vinne vya mti vinavyofanana.

Ndipo Rosine alipopiga simu.

"Baba, Glody anasema kuko shimo moja hapa, wenyewe waliiacha tangu mwaka jana. Miti yake iko ya bure, tena mikavu kabisa. Ukuje."

"Hakuna mutu atanifukuza?"

"Nani atakufukuza? Hapa watu wanatafuta zahabu, si miti."

Raphaël alicheka, yeye aliyekuwa amesahau kucheka. Akatia patasi zake kwenye gunia, na ncha za chuma, na kamba, akapanda piki. Barabara ilikuwa tope tupu. Ikamchukua siku mbili na mgongo wake wote.

Glody, mkwewe, alikuwa kijana mrefu mwenye haya ya kupita kiasi. Kwao mkwe haketi mkeka mmoja na baba mkwe wala hali naye sahani moja, na kujibanza naye shimoni bega kwa bega ni jambo lisilosemeka. Kwa hiyo alipompeleka kwenye lile shimo alisimama mbali, hatua kama kumi, kofia mkononi, akasema na majani.

"Baba, miti ya hapa mulangoni, chukua yote. Ile ya ndani, uache."

"Ya ndani iko na nini?"

"Uache tu, baba."

Mwingine angemweleza mzee. Angemkatiza, angemshika mkono, angemchorea chini kwa kijiti. Glody alikuwa na adabu. Aliinamisha kichwa, akaenda kazini katika shimo la Bulaimu, lililokuwa hapo hapo jirani, hatua kama kumi na tano.

Shimo lililoachwa lilikuwa la kuingia kwa kuinama, likiteremka taratibu ndani ya kilima. Mdomoni palikuwa na nguzo nne fupi, kila moja ya kutoa mguu mmoja tu, mbili huku na mbili huku. Raphaël aligonga ya kwanza kwa vifundo vya vidole, akasikiliza. Hivyo ndivyo alivyoijua miti maisha yake yote. Mbichi hujibu kizito, iliyooza haijibu kitu, mikavu hulia. Ile ya kwanza ililia vizuri. Akaitikisa kwa mikono miwili, ikatoka. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo. Ya nne aliposhika tu, ilimvunjikia mkononi. Mchwa walikuwa wameila wakabakiza ngozi.

Kitanda cha miguu mitatu! Alikaa chini akaona miezi saba yote inamrudia. Kisha akachungulia ndani. Hatua tano tu kutoka pale alipokaa palikuwa na nguzo nyingine, nene, ya mvule, imesimama peke yake kwenye ukuta wa upande wa kushoto. Alijiambia anakwenda kuigonga tu.

Akaigonga. Ikalia sauti nyembamba, ya juu, safi, ambayo katika miaka yake yote hakuwahi kuisikia kwenye mti. Nywele zilimsimama kwa furaha. "Huu," alijisemea, "umekauka mpaka rohoni."

Haikutoka kwa mikono. Ilimbidi kuchukua jiwe na kuipiga chini kwenye kisigino, mara nyingi, huku akihema. Ilipochomoka, udongo kidogo ulimwagika begani mwake. Akajipangusa, akaiburuta nje.

Asubuhi yake alilisimamisha kerezo uani kwa Rosine. Glody alipita akienda kazini, akaziona nguzo zimelala chini. Akahesabu kwa macho, akasimama.

"Baba," alisema, na ilionekana kabisa kwamba neno lile linamgharimu, "yote ine ilitoka pale mulangoni?"

Raphaël hakupenda kuulizwa na mtoto aliyemwoa binti yake.

"Ndiyo," akasema.

Kilikuwa kiuongo kidogo, cha mzee anayelinda uzee wake. Glody aliitikia kwa kichwa. Alimwamini, angewezaje kutomwamini? Akachukua chakula alichofungiwa na mkewe, akaenda.

Nisiseme uongo na mimi: asubuhi ile Raphaël alikuwa na furaha. Alikata nguzo ya kwanza, akaibana kati ya ncha, akazungusha kamba, akakanyaga. Mti ukazunguka. Maranda yalimruka Rosine aliyekuwa amekaa karibu, yakamtua juu ya tumbo, naye akayaacha hapo na kucheka. Majirani walikuja kutazama. Saa tano mguu wa kwanza ulikuwa umekwisha, na shanga zake tatu na shingo yake nyembamba, laini hata shavu lingeweza kulala juu yake. Raphaël aliuweka mikononi mwa binti yake, akageuka upande ili asionekane macho.

Kabla ya adhuhuri waliwasikia wanawake wakipiga yowe upande wa kilimani.

Bulaimu mwenyewe, mwenye shimo, alikuja akikimbia, tope mpaka kwenye kope. "Miti! Nani iko na miti? Shimo imeanguka, watu watatu wako ndani!" Raphaël hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aliitupia begani ile nguzo nene ya mvule, vijana wakachukua mbili nyingine, wakakimbia. Rosine aliwafuata akishika tumbo. Shimo la Bulaimu ndilo shimo la mumewe. Hakuna aliyehitaji kumtajia jina.

Pale mdomoni watu walikuwa wakichimba kwa majembe, kwa sahani, kwa kucha. Bulaimu alieleza huku akitoa amri. Ukuta wa lile shimo la zamani umelala, umelisukuma lao kutoka upande; wasipoinua dari kwanza, watawaua waliobaki. Wakaisimamisha nguzo ya mvule chini ya dari. Mtu mmoja akapigilia kabari chini yake, moja, mbili, tatu, na kila pigo kilima kilizidi kuilemea. Nguzo ikaanza kulia. Mwanzo kizito. Kisha nyembamba. Kisha ya juu, safi.

Raphaël aliisikia akiwa amesimama na ndoo ya udongo mkononi. Ilikuwa sauti ile ile ya jana. Haikuwa sauti ya ukavu hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mti uliobeba mzigo, na kila mchimbaji pale, hata aliyeanza kazi juzi, aliijua. Bulaimu aliigonga kwa ngumi akasema, "Vizuri, imeshika," na watu wakaingia chini yake kuchimba. Raphaël alimwaga ndoo, akachukua nyingine.

Wawili walitolewa hai. Glody alitolewa wa mwisho. Alikuwa upande wa ukuta.

Katika matanga Bulaimu, asiyejua miti ile ilitoka wapi, alisimama mbele ya watu wote. "Bila huyu muzee," alisema, "leo tungelia watu watatu. Mungu alimutoa Kasongo na miti yake, akamufikisha hapa siku zile zile. Muzee, aksanti." Wake wa wale wawili walikuja kwa magoti, wakamshika mikono. Mmoja alimletea kuku. Raphaël alikaa katikati ya shukrani zile kama mtu anayepigwa mawe, akiitikia "aksanti, aksanti." Sahani yake aliirudisha kama ilivyoletwa. Kila aliyemwona alisema, tazama anavyompenda mkwewe.

Siku ya nne hakuweza tena. Alimfuata Rosine nyuma ya nyumba, akamkuta anaanika nguo, akamwambia yote. Jinsi ya nne ilivyovunjika, jinsi alivyoingia ndani, alivyogonga, alivyopiga kwa jiwe. Alisema haraka, macho chini, kama Glody alivyokuwa akisema naye.

Rosine hakulia. Alikunja nguo aliyoishika, nguo mbichi, akaikunja tena.

"Glody alikuuliza," alisema. "Nilikuwa hapo, ninafunga chakula yake. Alikuuliza, ukamujibu ndiyo."

"Ndiyo."

"Umeambia mutu mwingine?"

"Bado. Nitamwambia Bulaimu leo. Nitasema mbele ya watu wote."

"Hapana." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Watakuua, baba. Na mimi nitabaki hapa, mujane, tena binti ya ule mutu. Unataka kusema ili upumue. Mimi nitapumulia wapi?"

Raphaël alitamani apigwe, atukanwe, amwagiwe yale maji ya nguo. Rosine alichukua beseni lake.

"Rudi Kasongo leo. Mutoto akizaliwa, usikuje. Na usinitume kitu."

"Rosine, mama yangu..."

"Usikuje, baba."

Bulaimu hakukubali mzee kama yule aondoke hivi hivi. Akamtafutia piki na kijana wa kuiendesha, jina lake Iliasi. Watu walikusanyika kumuaga. Rosine alilibeba gunia la patasi mwenyewe, ijapokuwa wanawake walimkataza kwa ajili ya hali yake, akalifunga nyuma ya piki. Kisha akapiga goti mbele ya baba yake, kama binti aliyelelewa vizuri, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Safari njema, baba. Mungu akulinde." Wanawake walipangusa macho. Raphaël alinyoosha mkono kumwinua. Rosine aliinuka bila kuushika, na kwa kuwa alikuwa mzito na mwenye msiba, hakuna aliyeona.

Walipoipita nyumba ya mwisho, Iliasi aligeuza kichwa, akapaza sauti juu ya mlio wa piki.

"Muzee, binti yako iko na heshima sana! Akizaa, mimi ndiye nitakuja kukuchukua. Nipe namba yako, siku ile ile nitakupigia."

Akasimamisha piki kando ya njia, akatoa simu. Raphaël akamtajia namba yake, tarakimu moja moja, polepole. Kisha akamwambia airudie, ahakikishe hakukosea.