Nta Kwenye Prosesa

Nyanzala alishuka kwenye bodaboda mbele ya ofisi ya wafuga nyuki wa Kasekese, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope, wala hakujipangusa. Hasira aliyopanda nayo kutoka Mpanda ilikuwa bado mbichi. Alimwamkia mama Hilaria, mwenyekiti wa kikundi, kwa sababu shikamoo ni ya umri, haiulizi mtu amekukosea nini. Wengine wote aliwapita kama nguzo za uzio.

"Marahaba, binti. Kaa kwanza, upate maji."

"Sijaja kunywa maji, mama. Nimekuja kwa sababu mmeniita mwizi."

Siku kumi nyuma alikuwa amekuja hapo hapo kutengeneza kompyuta ya mezani ya kikundi, iliyokuwa ikipata moto na kujizima yenyewe. Aliitoa vumbi la kujaza kibaba, akabadilisha pesti, ule uji wa kijivu unaopakwa juu ya prosesa ili moto wake upande kwenye bati la kupozea, akaiacha inafanya kazi vizuri. Juzi mashine ikaanza tena kujizima, safari hii vibaya zaidi. Mama Hilaria hakumpigia simu. Alirekodi sauti yake akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kata, lenye watu zaidi ya mia nne: jihadharini na yule fundi wa kike wa Kisukuma, katibu anasema ametutolea prosesa nzima akatuwekea mbovu.

Kufika jana asubuhi sauti ile ilikuwa imeshaingia Mpanda mjini. Wateja watatu walikuja kwenye kibanda cha Nyanzala kuchukua mashine zao kabla hata hazijaguswa. Mmoja alichuchumaa pale pale mlangoni akahesabu skrubu.

Skrubu! Miaka sita ya ufundi, hajapoteza hata kipande cha waya cha mtu, leo anahesabiwa skrubu kama mtoto aliyetumwa sukari. Jina ndilo lililokuwa duka lake. Vile vingine, meza na bisibisi, hata mwizi anaweza kuwa navyo.

"Waite wanakikundi wote waliopo," alisema. "Siifungui mpaka waingie. Mlinitangaza mbele ya watu, nitaifungua mbele ya watu."

Wakaingia, tisa kwa jumla, wakajibana kati ya ndoo za asali na ukuta. Ambrosi, katibu, alibaki amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Wasukuma bwana," alisema. "Ng'ombe akikohoa wanajua dawa. Kompyuta ikikohoa, wanaondoka na mapafu."

Watu wakacheka. Nyanzala alimtazama mpaka kicheko kikakauka chenyewe.

Akawasha mashine, akaingia kwenye ule ukurasa wa ndani unaoonekana kabla Windows haijaamka, panapoandikwa joto la prosesa. Akamgeukia Cecilia, mweka hazina, aliyekuwa karibu na kioo.

"Dada, soma kwa sauti. Kila namba."

"Hamsini na nane," akasoma Cecilia. "Sitini na sita. Sabini na tisa. Themanini na... jamani, inakimbia hii."

"Si ndiyo hivyo?" Ambrosi akadakia. "Ile yetu ya zamani haikuwa na mbio hizo."

"Tisini na sita. Tisini na tisa. Mia na—"

Kioo kikawa cheusi. Feni ikajizungusha kidogo ikanyamaza. Kwenye ukimya ule kukapanda harufu tamu, nzito, ambayo kila mtu mle ndani alizaliwa akiijua.

Mama Hilaria akainua pua. "Mbona kama kuna mtu anachuja asali?"

Nyanzala alichomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa mashine, akalegeza feni na kuling'oa bati. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Nta ya nyuki ilikuwa imeyeyuka ikamwagika pande zote za prosesa, ikatiririka kwenye bodi, na kingo zake zilikuwa zinaanza kuganda. Alichovya kidole, akakiinua juu ili hata wa nyuma waone.

"Nani kaweka nta humu?"

"Labda nyuki wameingia," akasema Ambrosi. "Hawa wa kwetu wakorofi."

"Nyuki wenu wanatumia bisibisi?"

Safari hii waliocheka walimcheka yeye. Mama Hilaria hakucheka.

"Ambrosi."

"Naam, mama."

"Nakuuliza mara moja tu."

Ambrosi akaitoa mikono mgongoni. "Huyu dada alipaka kidogo mno! Nilimwona kwa macho yangu, kama punje ya harage. Mashine kubwa vile, punje moja? Nikasema anatubania dawa, anaenda kuiuza kwingine. Alipoondoka nikafungua, nikafuta kile kiuji chake, nikajaza ya kwetu. Nta, mama! Nta ilishawahi kumwangusha nani?"

Kweli, pale Kasekese haikuwa imemwangusha mtu. Nta iliziba ndoo iliyotoboka, ilikaza mpini wa shoka, ilishika hata mguu wa kiti alichokalia mwenyekiti. Wazee wawili walianza kutikisa vichwa kukubaliana na katibu, kisha wakakumbuka waliko.

"Nta inaziba moto," alisema Nyanzala. "Moto haupandi kwenye bati, unabaki chini unaipika prosesa. Na ulipoona inazima ukaenda kumwambia mama nimeiba. Ulijua ulichofanya, ukanitwika mimi!"

Alifuta nta juu ya prosesa kwa kitambaa mpaka namba zake zikaonekana, akamkabidhi Cecilia simu yenye picha aliyopiga siku ile ya kwanza. Huwa hagusi prosesa ya mtu bila kuipiga picha. Cecilia alisoma za kwenye simu, akasoma za kwenye prosesa, moja baada ya nyingine.

"Ni ile ile," akasema. "Haijabadilishwa."

Mama Hilaria alivuta kanga begani. "Mwanangu, tumekukosea. Ambrosi ni wa kwetu, na wewe ni wa kwetu. Yaishe hapa hapa. Beba ndoo ya asali, ukirudi mjini hata hutakumbuka."

"Hapana, mama. Halikusemwa hapa hapa. Lilitoka kwa sauti yako mbele ya watu mia nne, lirudi kwa sauti yako hiyo hiyo. Lisiporudi, naondoka, nyie mpake nta."

Mzee mmoja akaguna kwamba binti hana adabu. Nyanzala alianza kukusanya bisibisi zake. Mama Hilaria akatoa simu, akaisogeza mdomoni.

"Ndugu zangu, kuhusu ile kompyuta, kulitokea hali ya kutoelewana..."

"Futa."

"Ndugu zangu, fundi amekuja, mambo yamekwisha vizuri..."

"Futa, mama. Mwizi ulilitamka vizuri tu."

Mwanamke yule mtu mzima alimtazama Ambrosi, akabonyeza tena. "Mimi Hilaria. Nilisema Nyanzala, fundi wa Mpanda, ametuibia prosesa. Nilisema uongo. Prosesa yetu ipo. Aliyeiharibu mashine ni katibu wetu Ambrosi, kaijaza nta. Mimi sikuuliza, nikatangaza. Popote mlipoipeleka ile ya kwanza, pelekeni na hii."

Akaituma.

Nyanzala hakushukuru; kurudishiwa jina lake si zawadi. Aliikwangua nta kwa kadi ya simu ya zamani, akasafisha kila pembe, akaweka pesti kiasi kile kile cha punje, Ambrosi akilazimishwa na mwenyekiti kusimama karibu na kutazama. Joto likafika arobaini na mbili, likatulia hapo. Ndoo ya asali aliiacha.

Akiwa juu ya bodaboda kurudi Mpanda, kwenye duka la mwisho la kijiji mwanaume mmoja alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, simu sikioni, na kutoka kwenye simu ile ilikuwa inasikika sauti ya mama Hilaria ikilitaja jina lake.

"Simama," Nyanzala akamwambia dereva.

Pikipiki ikasimama. Mwanaume akainua macho, akamwona, akataka kuizima.

"Iache iishe," alisema Nyanzala.

Akaisikiliza hadi neno la mwisho, vumbi likiwa bado usoni.

"Haya, twende."