Pindo la Mbele

…na ni pindo la mbele linalopanda, la nyuma halisogei, hilo Loice alikuwa amelisahau, mkono husahau kazi usiyoifanya, na ni lini mara ya mwisho mjamzito kuingia humu, wote huvuka barabara na kwenda kwa yule fundi wa karibu na steji, na leo yeye amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba chake cha kushonea, hapa hapa Nateete, pini nne midomoni, uso wake shibiri moja kutoka kwenye tumbo la Kahambu, tumbo la miezi saba ambalo mpaka saa nne ya asubuhi hii hakujua kama lipo duniani, na gauni lenyewe ni hili hili la kitenge cha kijani alilolishona kwa mkono wake mwezi wa kwanza, kiuno inchi thelathini na mbili, sasa amelifumua ubavuni pande zote mbili na bado halitoshi, itabidi atie kipande, na mbele ashushe inchi mbili, labda mbili na nusu, "Simama wima, Mama Tresor," alimwambia kabla hajatia pini mdomoni, na Kahambu akasimama wima, mkono mmoja ameushikiza juu ya cherehani, anaongea, tangu aingie anaongea tu, mzigo wa vitenge kutoka kwao uliochelewa mpakani, mwanawe Tresor ambaye mwalimu wake anasema ana akili lakini anapenda kulala darasani, mvua ya juzi iliyoingia mpaka kwenye kibanda chake sokoni, kila kitu kimesemwa isipokuwa tumbo, na Loice anaitikia mm, mm, pini haziruhusu zaidi ya hapo, na afadhali, angesema nini, hongera alishaisema mlangoni, ilimtoka haraka na kwa sauti ya juu mno, kama mtu anayesalimia ng'ambo ya mto… na kuna kitu kinavuta chini ya kitovu, upande wa kushoto, kinavuta kinaacha, labda ndiyo damu, labda si kitu, leo ni siku ya themanini na tatu, mwili wa watu wengine una mwezi, wa kwake una majira unayoyajua wenyewe, mara siku arobaini, mara mia na kumi, mara damu wiki tatu mfululizo hata akawa anashika ukuta akiinuka, na jana asubuhi alipima, kile kipimo cha mimba cha kununua duka la dawa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha hivi na hivi, mstari mmoja, akakisogeza karibu na jicho, mstari mmoja, huku Wamalwa akinyoa ndevu nje kwenye beseni akipiga mluzi, mume mwema, Mungu anajua ni mume mwema, na hakumwambia, maana mwezi wa nne alimwambia mapema, siku ya hamsini tu, naye akaenda mpaka soko la Nakasero akarudi na samaki mzima wa kukaanga na machungwa, mtu wa kununua machungwa kwa kuhesabu moja moja siku hiyo alileta mfuko mzima, na machungwa hayajaisha damu ikaja, wakayala yaliyobaki, wakimenya, maganda yakilundikana mezani kati yao, "…na huyo mwanamke akaniambia bei ya mwaka jana, mi nikacheka tu," anasema Kahambu juu kule, na Loice anaitikia mm, anachomeka pini ya kwanza, bado tatu… Daktari Aber alimchorea kwenye karatasi, kule kliniki Makindye, akachora duara mbili na ndani ya kila duara vidoti vingi pembeni, "Mayai yapo, mama, mengi tu, ila hayakomai, yanajipanga ukutani kama shanga, hakuna linalotoka," na Loice akatikisa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia, akauliza ni kosa gani alifanya, maana mama mkwe kutoka Bungoma alishauliza kwenye simu kama alikuwa akimeza vidonge vya kuzuia mimba kabla ya ndoa, na daktari akaweka kalamu chini akamtazama, "Hakuna ulichokosea. Ni homoni. Ndizo hizo hizo zinazokuotesha hizo nywele kidevuni," na Loice akaziba kidevu kwa kiganja upesi, alidhani hakuna anayeziona, huzing'oa kwa kibanio kabla Wamalwa hajaamka, kila siku, miaka, "Damu ikija, siku ya tatu anza vidonge hivi, siku tano, halafu uje tukuangalie. Isipokuja siku tisini, pima, kama huna mimba uje nikupe dawa ya kuileta," kwa hiyo sasa anaomba damu ije ili aanze, na anaomba isije ili awe ameshamaliza, maombi mawili kwa Mungu mmoja, na Mungu naye atashika lipi… pini ya pili, kitambaa kinatetemeka, si kitambaa, ni tumbo, kuna kitu kimepita chini ya kijani kile, kimesukuma na kurudi, kama kiwiko cha mtu anayejigeuza kitandani, na Kahambu amekatiza maneno katikati, Loice naye ameganda na pini hewani, nje kondakta anaita abiria wa mjini, na Kahambu anasema kwa sauti nyingine kabisa, ndogo, "Fundi, mi niliogopaka."

Mm, anasema Loice, ndiyo sauti aliyo nayo. "Niliogopa kukuja kwako. Bamama wa kanisa walinikataza. Walisema usimwendee yule fundi na tumbo, jicho ya mtu asiyekuwa na mtoto iko nzito, itaharibu. Mi nikasema hapana, yule ni rafiki yangu, lakini niliogopa. Miezi tano niko napita njia ya nyuma, ile ya mtaro, usinione." Ile ya mtaro, yenye matope, mwanamke mjamzito na mzigo wa vitenge kichwani anaruka mtaro ili asionwe na mimi, anawaza Loice, na mimi nilidhani amehamia Kenya, nilidhani amekasirika kwa ajili ya ile blauzi niliyoikosea mkono, nikaishona upya bila kuombwa, ipo pale kwenye msumari tangu Pasaka, na la kuchoma si hilo, la kuchoma ni kwamba Loice hakushtuka, jicho, neno limesemwa na yeye hakushtuka, kwa sababu alishajiambia mwenyewe, mwaka jana, Dolphine wa nyumba ya mwisho, Mkenya mwenzake, ambaye waliitana dada, mimba yake ilipotoka mwezi wa tano, Loice alichemsha uji, alimfulia mashuka, alikaa naye siku nzima akimpangusa, lakini kabla ya uji, kabla ya mashuka, pale mlangoni alipopewa habari, kwa muda wa kupepesa jicho tu alisikia kitu ndani yake kikiketi chini, kikipumzika, kama mtu aliyesimama foleni siku nzima akamwona mwenzake naye kaambiwa arudi kesho, kitu kidogo, kikapita, akalia machozi ya kweli, lakini kilikuwapo, alikiona, na tangu siku hiyo hajamshika mtoto wa mtu, akipewa husema mikono ina mafuta ya cherehani, kanisani hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na hao bamama wa Kahambu wasiomjua hata jina wamesema tu kile anachojisemea yeye akiosha vyombo, je, ni kweli, tafuta, Loice, tafuta sasa hivi, tumbo ni hili hapa mbele ya uso wako, unalitakia nini… anatafuta, anashuka ndani yake kama mtu anayeshuka ghalani na mshumaa, na wivu upo, haukujificha, umekaa palepale, mchungu, wa kijani kama kitenge hiki, kwa nini yeye, kwa nini wa pili wakati mimi hata wa kwanza, upo, lakini haumtakii kitu yule mdogo, anauzungusha hivi na hivi kama kile kipimo dirishani, hautaki atoke, hautaki afe, unataka tu na wake aje, mbona ni hivyo tu, mbona ni kitu cha kawaida hivi, "Umenikasirikia?" anauliza Kahambu, na Loice anatikisa kichwa, hapana, anainama ili asionekane macho, anavuta pindo, na hapo ndipo anapoona miguu.

Alikuwa ameitazama muda wote bila kuiona, mtu huona pindo tu, kandambili zimezama kwenye nyama, mikanda imekata, kifundo hakipo, mguu umeshuka moja kwa moja kama kinu, anaweka kidole gumba juu ya ugoko, anabonyeza, anaachia, shimo limebaki, shimo la kidole linamtazama wala halijai, na anakumbuka lile bango kwenye ukuta wa Daktari Aber, miaka mitatu amelisoma akisubiri kuitwa, amelisoma kwa chuki, lile la wajawazito, uvimbe, kichwa, macho, halikumhusu lakini lipo ukutani na mtu asome nini, anainua uso, na uso wa Kahambu nao, alidhani ni unono, alisema moyoni mlangoni amenenepa, amependeza, kope zimevimba, anatema pini mbili zilizobaki kwenye kiganja, "Mama Tresor, kichwa kinakuuma?" "Ah, kichwa," anacheka Kahambu, "tangu siku ya Mungu, Jumapili ile. Ni jua ya soko." "Na macho? Unaona vitu vinametameta?" Kahambu hacheki tena, "Wewe unajuaje? Kama vimulimuli. Mi nilisema ni usingizi." "Ni presha. Presha ya mimba. Si ya kungoja kesho. Tunapanda boda sasa hivi, tunakwenda Makindye, kuna daktari pale, Aber, atakupima." "Na gauni? Jumapili ni…" "Achana na gauni." "Mi simjui huyo daktari." "Mimi namjua," anasema Loice, na anajua swali linalofuata kabla halijaja, analiona likija kama mtu anavyoona mvua ikivuka kilima cha Rubaga, angeweza kusema ni mteja wangu, angeweza kusema alinishonesha suti, ni rahisi, uongo wa namna hiyo anao tele, "Unamjuaje?" anauliza Kahambu, na Loice anasikia mdomo wake uliokuwa na pini ukisema, "Mwaka wa tatu huu naenda kwake. Mayai yangu hayakomai. Damu inakuja inapotaka, leo ni siku ya themanini na tatu na sijui kama inakuja au haiji. Ndio ugonjwa wangu," na anashangaa, ni maneno machache hivi, alidhani yangejaza chumba, yametoka yote na chumba bado kina nafasi, na Kahambu anamtazama kutoka juu, anapumua kwa kazi, "Miaka tatu," anasema mwishowe, "na unaendaka na nani?" "Wamalwa anajua." "Sikuuliza nani anajua, dada. Nauliza pale kwa benchi, ukiwa unangoja, nani anakaa pembeni yako?" na Loice analitafuta jibu, anaziona zile asubuhi moja baada ya nyingine, benchi la mbao, mkoba mapajani, wanawake wengine na mama zao, na wadogo zao, na waume zao wanaosinzia, "Hakuna mtu," anasema, na ndiyo mara ya kwanza anasikia hivyo kwa sauti yake mwenyewe, mchana, mtu mwingine akimsikiliza, na bado amepiga magoti, na Kahambu bado amesimama na gauni lililofumuliwa ubavuni, ameunyoosha mkono wake mzito uliovimba amuinue waende Makindye, na kwa muda mfupi hakuna kati yao anayejua ni nani anayemshika mwenzake asianguke.