Vua Viatu, Ushike Kamera

Kipchumba alikuwa na kanuni moja kuhusu watu asiowajua: humpi mtu kamera yako akupige picha kabla hajavua viatu. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, na kilichoizaa ni woga. Alizaliwa upande ule wa nchi unaozaa wakimbiaji, lakini yeye, mbio za shule alikuwa akizimaliza wakati wenzake wameshaoga na kunywa chai. Alijua wazi kwamba mtu akichomoka na kamera, ndiyo kwaheri. Dawa ikawa mchanga. Mchanga wa Turkana saa saba mchana hauna mchezo. Asiye na viatu hafiki mbali.

Siku hiyo ya mwaka 2013 alikuwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, ametumwa kutoka Lodwar na shirika lao la misaada kuleta katoni za vitabu. Cheo chake kilikuwa karani wa stoo. Lakini Jerotich, mchumba wake kule Iten, alikuwa amewaambia wazazi kwamba Kipchumba ni ofisa mwenye gari. Nani alimwambia Jerotich hivyo, tusiulizane. Sasa mama mkwe mtarajiwa alitaka picha. Jumapili dada za mama huyo wangekuja kujadili posa, na picha ndiyo ingekaa mezani kumsemea mwenyewe. Gari la shirika lilikuwa hapa leo, jeupe, limeegeshwa kando ya barabara, na Ngugi dereva alikuwa ameingia hoteli ya Wahabeshi kula injera. Ngugi asingeombwa. Picha angeipiga vizuri tu, halafu ofisi nzima ingejua ni ya nini.

Wa kwanza kupita alikuwa Awino, muuguzi, mama wa makamo mwenye mwavuli.

"Madam, nisaidie kupiga picha moja."

"Lete."

"Kwanza nikuombe viatu."

"Viatu vyangu vinaingia kwa picha?"

"Hapana, madam. Ni amana tu, mpaka unirudishie kamera."

Awino alimtazama kama anayetafuta mahali pa kumdunga sindano. Lakini udadisi ulishinda hasira, akavua. Akashika kamera, na papo hapo akaanza ngoma: mguu huu juu, mguu ule juu, kidole kinabonyeza chenyewe.

"Yawa! Yawa! Wewe kijana, mama yako anajua uko hivi?"

Akamtupia kamera, akanyakua viatu vyake na kwenda zake huku akiongea na mwavuli. Kipchumba akakinga jua kwa kiganja akaangalia picha: hapa mbingu, pale ukingo wa mwavuli, na kwingine kitu kirefu cheupe ambacho kingeweza kuwa gari au ng'ombe wa mtu.

Akaja Mabior, kijana mrefu wa kambini, anasoma kidato cha nne. Kuambiwa masharti, hakushangaa hata kidogo. Akavua kandambili zake, moja imeshonwa kwa waya, akazikabidhi.

"Sawa, kaka. Sasa leta zako."

"Zangu za nini?"

"Wewe hunijui, na mimi sikujui. Ukiingia kwa hii gari na kandambili yangu, nitakushika na nini? Mimi niko kwa miguu."

Kipchumba akatupia jicho mlango wa hoteli. Bado Ngugi hajatoka. Akavua viatu vyeusi alivyovipaka rangi tangu alfajiri.

"Na soksi," akasema Mabior.

Zikatoka soksi. Kipchumba akataka kutumbukiza vidole kwenye zile kandambili.

"Aa-a! Amana haivaliwi, kaka. Ni ya kushika."

Mabior akarudi nyuma hadi kwenye kivuli cha mwarobaini, akaviangika viatu kwenye tawi, akaigeuza kamera huku na huku bila haraka yoyote. Kipchumba alibaki juani kando ya gari, amekumbatia kandambili kifuani. Akatoa meno.

"Usicheke!"

"Kwa nini nisicheke?"

"Wageni wakikuja kambini na kamera hawatakangi kucheka. Mimi nimepigwa tangu nikiwa mdogo, hii kazi naijua. Inamisha kichwa kidogo. Angalia mbali. Mbali zaidi, kama unangoja kitu na hakiji."

"Piga basi, naungua!"

"Hiyo ndiyo sura! Shika hapo hapo."

Akapiga. Kisha akaja, akafuta kioo kwa ncha ya shati, akarudisha kamera na viatu, akachukua kandambili zake.

"Kaka, hawa watu wanabeba sura zetu, wanaenda nazo hata sijui wapi. Hakuna mmoja ameniachia hata soksi. Wewe unaniachia kidude hiki dakika mbili tu, unataka viatu?"

Kipchumba akainama avae soksi, zikagoma. Alikuwa na malengelenge.

Asubuhi yake, Lodwar, alimkuta Ekal mwenye studio akifungua mlango. Baada ya salamu, ejok mbili tatu, Ekal alitazama picha kwenye kompyuta akajikuna kidevu.

"Iliyotulia ni hii moja. Lakini huna viatu."

"Kata miguu."

"Nikikata miguu, magurudumu yanaenda nayo. Watafikiri umesimama kando ya tangi la maji."

Nje, basi la Kitale lilikuwa linapiga honi. Kipchumba akaitazama ile sura: macho ya mbali, kichwa kimeinama. Akaipenda. Sura ya mtu mwenye majukumu! Na miguu kila mtu anayo. Magurudumu si kila mtu.

"Acha hivyo hivyo," akasema, bahasha ikapanda basi.

Jumapili mchana simu ikalia.

"Mama amelia," Jerotich alisema.

"Kwa furaha?"

"Picha ilizungushwa kanisani. Mchungaji aliinua juu, tukawaombea watu wote wa huko."

"Gari waliliona?"

"Waliliona, Kipchumba. Walishukuru Mungu kwamba msaada umekufikia."

"Na posa?"

Upande wa pili mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha baba mkwe.

"Baba anasema kwanza upate nafuu. Lakini kuna mzigo wako kwa basi la kesho: mahindi, na viatu vya mzee wa kanisa, vimevaliwa kidogo tu." Akasita. "Na mchungaji anaomba ukivipokea upige picha umevishika, waliochanga waone vimefika."